Mbeleko Majini

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mtihani wa kidato cha pili ulikwisha jana, na usiku mvua ikapiga bati mpaka tukashindwa kusikilizana. Asubuhi Mama alikwenda kutazama bwawa la chuo kabla hata ya chai. Alirudi viatu mkononi, miguu myekundu kwa tope mpaka magotini, akasema, "Limefika kwenye jiwe." Maana yake msimu umeanza.

Kwa kuwa leo ndiyo naanza kuandika, niseme mambo yalivyo. Mama yangu ni Mwalimu Mwanahawa. Anafundisha michezo katika chuo cha ualimu hapa Kasulu, na ni kocha wa kuogelea. Watu wa ziwani hucheka wakisikia kwamba huku milimani kuna timu ya kuogelea. Mashindano yakifika huacha kucheka. Makombe ya Mama yako sebuleni: moja Bibi ametia vijiko, moja lina vifungo vya mashati, na lile kubwa lililokatika mkono huzuia mlango wa uani usipigwe na upepo.

Mama alizaliwa Ujiji, akayajua maji kabla ya kujua kusoma. Wanachuo wake wengi hawajawahi kuingia kwenye maji yanayopita kiuno. Huwafundisha kwa mbeleko. Husimama bwawani, maji yakimfika kifuani, humpitishia mwanafunzi kitenge chini ya tumbo, hushika ncha zote mbili kwa juu, kisha hutembea naye taratibu kama anambembeleza. Kila siku hulegeza kidogo. Hufika siku kitenge hakigusi mwili kabisa, na mwanafunzi hana habari, anaelea tu.

Kitenge chenyewe ni cha buluu, kina ndege wa njano, na ndicho nilichobebewa mimi. Mimi ni mtoto pekee, hakikubeba mwingine. Kazi yangu ni kukifua, kukianika na kukipeleka bwawani. Kazi yangu nyingine ni kusimama ukingoni na dumu lililofungwa kamba, la kumrushia anayezama.

Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Wanachuo hudhani najua. "Huyu anaogelea usingizini," husema, nami hucheka. Kila msimu nimengoja Mama aniite niingie. Hajaniita. Na juzi wakati wa chakula alisema huu ni msimu wa mwisho, kwa sababu bwawa litatoa maji ya bomba ya mji. Kufikia mwezi wa tatu litakuwa limezungushiwa uzio na hataruhusiwa mtu kutia hata mguu.

Kwa hiyo ni msimu huu. Nimeanza kujizoeza kuzuia pumzi kwenye beseni, ili akiniita asione kazi.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Nimefua mbeleko. Haijakauka.

Jumapili, 24 Novemba

Upepo umeezua bweni la wasichana, na wanachuo wamegawanywa kwenye nyumba za walimu. Sisi tumepewa mmoja, Pelagia Nduwayezu, wa mwaka wa kwanza, kutoka Busunzu kule Kibondo. Amekuja na sanduku la bati na mfuko wa maharage wa zawadi. Amepewa kitanda cha dirishani, ambacho ni changu, kwa sababu mgeni halazwi mlangoni.

Bibi, mama yake Baba, alimsalimia kwa Kiha. Pelagia akaitikia kwa Kirundi bila kusita, maana wazee wake walitoka Burundi zamani kabla hawajawa raia, na lugha hizo mbili ni ndugu. Bibi akamshika mkono, akacheka mpaka ufizi ukaonekana.

"Huyu anasema kama mtu," akatuambia.

Mimi humjibu Bibi kwa Kiswahili tangu nilipoanza shule. Sikujua kwamba miaka yote hiyo sikuwa nikisema kama mtu.

Jumatano, 27 Novemba

Timu ya wasichana ya kuogelea kwa kupokezana inataka wanne. Wako watatu. Wa nne, Immakulata, amepelekwa kufundisha kwa vitendo na hatarudi mapema. Leo nilikuwa nakuna nazi Mama akaingia amefurahi.

"Nimempata wa nne," akasema.

Nilifikiri, mimi si mwanachuo, lakini labda wameruhusu.

"Nani, Mama?"

"Pelagia."

Nikaendelea kukuna mpaka nikafika kwenye kifuu, na tui likawa na vumbi jeusi. Bibi akauliza nani kapika maharage haya. Baba, aliyetoka dukani na njaa, akasema kwake yeye ni matamu.

Pelagia hata mto hajawahi kuvuka kwa miguu. Ana mabega mapana ya kulima, basi. Kama ni mabega, Mama angesema, ningelima.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku ya kwanza ya Pelagia majini. Alivaa suruali ya michezo na fulana ya kaka yake. Mama alivaa kama siku zote, nguo nyeusi mpaka vifundoni na kofia ya mpira juu ya kitambaa cha kichwa. Pelagia alisimama kwenye jiwe, meno yakigongana.

"Kwetu mto ni kitu cha kuvukwa, Mama Kocha," alisema. "Si cha kuchezewa."

"Hapa si mto. Maji haya hayaendi popote. Njoo."

Alipotiwa kwenye mbeleko alimkumbatia Mama shingoni, akalia kwa sauti. Wavulana walikuwa ng'ambo, na yule mrefu anayeitwa Nkunzimana akapiga kelele, "Mchape mgongoni, Mama Kocha, acheue!" Mama hata hakumtazama. Alimwambia Pelagia maneno sikioni. Kisha akaanza kutembea naye, kitenge changu kimemfunika tumbo, ndege wa njano wamelowa, na Mama akiimba kwa sauti ya chini.

Wimbo huo naujua. Alikuwa akiniimbia mimi.

Nilishika dumu langu. Nilikuwa nimesimama karibu sana na maji kiasi kwamba viatu vililowa, lakini hakuna aliyeniambia nisogee mbele wala nirudi nyuma.

Jumanne, 3 Desemba

Kama jana. Ila kilio kimepungua kidogo.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Tulikwenda Nyakitonto kwa ndugu wa Baba. Njia nzima Bibi alinikumbusha: "Mtoto aliyelelewa haombi. Hungoja. Jicho la mkubwa linaona." Ameniambia hivyo tangu sijaota meno ya pili. Ukikaribishwa chakula unasema umeshiba. Ukikaribishwa tena unasema asante. Mara ya tatu ndipo unanawa.

Basi nilikaa. Walileta ugali wa muhogo, sombe ya kisamvu iliyoungwa kwa mawese, na parachichi. Nikasema nimeshiba. Pelagia alikula, akamaliza, akainua sahani yake akasema, "Mama, naomba nyingine, hii sombe ni kama ya kwetu."

Nilimtazama Bibi, nikangoja amfinye. Hakumfinya. Alicheka, akampakulia mwenyewe. Wenyeji wakaona kazi yangu ni kukataa, hawakunikaribisha mara ya tatu. Nilirudi Kasulu na njaa, nyuma ya pikipiki, mvua ikinipiga usoni.

Ningeomba mimi ningefinywa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimefanya jambo, na niliandike kama lilivyo.

Leo asubuhi mbeleko ilikuwa imekauka, imekunjwa, iko kitini. Mama alitangulia bwawani na wanachuo. Nilikitazama kitenge kile nikakitia chini ya godoro langu, kisha nikaenda mikono mitupu.

"Mbeleko iko wapi?" Mama akauliza kutoka majini.

"Bado mbichi, Mama."

Hajawahi kunishika uongo kwa sababu sijawahi kumpa. Alifikiri kidogo. Nilidhani atasema, basi Pelagia leo pumzika. Badala yake alimwambia, "Lala tu, kama iko." Alifanya mikono yake kama ameshika ncha za kitenge juu ya mgongo wa Pelagia, akaanza kutembea na kuimba. Hakuwa ameshika chochote.

Pelagia akaelea. Alielea kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kamba ya madumu tunayotengea njia za kuogelea, akageuka, akaona mikono mitupu ya Mama, akapiga yowe na kuzama. Nilimrushia dumu. Akalishika, akatoka anakohoa na kucheka, na wavulana wote wakapiga maji kwa viganja.

Mama alikuja ukingoni akanishika kidevu kwa mkono wa baridi. "Umefanya vizuri kuchelewa kuianika," akasema. "Mimi ningemlea wiki nyingine mbili."

Nimelala juu ya mbeleko. Nahisi mikunjo yake mgongoni.

Ijumaa, 20 Desemba

Ukungu mpaka saa nne. Pelagia anaogelea upana wote wa bwawa sasa, kichwa juu kama bata. Mama anasema kichwa kitashuka chenyewe.

Mimi kwenye beseni nazuia pumzi mpaka masikio yanavuma. Bibi alinikuta, akauliza kama naosha nywele.

Alhamisi, 26 Desemba

Jana Pelagia alikwenda kanisani na jioni alirudi na maandazi na kuku wa kuchoma aliyepewa na watu wao. Amenisuka. Sikutaka, lakini mikono yake ni mepesi, na nilikuwa nimekwisha kukaa.

Alipokuwa ananisuka alinihadithia kwamba bibi yake alivuka mto wakati wa vita na watoto watatu, akafika ng'ambo na wawili. Tangu hapo nyumbani kwao maji hayatajwi ila ya kunywa.

"Sasa kwa nini uliingia bwawani?" nikamwuliza.

"Nilichoka kuogopa kitu nisichokijua." Akavuta nywele. "Na wewe? Mbona sijakuona ukiogelea?"

"Sipendi baridi."

"Mm," akasema.

Hakuuliza tena. Kwa muda ule wa kusukwa sikumchukia. Kisha Mama akapita mlangoni akasema, "Wanangu wazuri," kwa wingi, nikaanza upya.

Jumatatu, 13 Januari 2025

Shule imefunguliwa. Kidato cha tatu. Viatu vimebana.

Jumamosi, 18 Januari

Maharage yamevunwa na kila uwanja una maganda. Watu wa mradi wa maji wamekuja kupima kuzunguka bwawa, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Mmoja alimwuliza Mama, "Kwa hiyo hawa watu wanaogeleaga humu kweli?" Mama akasema, "Kaa utazame." Akakaa. Aliondoka jioni.

Pelagia ameshusha kichwa. Anakata maji sasa, si vizuri kama wenzake, ana pigo zito kama la jembe, lakini halipotei bure.

Mama hupiga filimbi, huwataja majina, na anapotaja la Pelagia sauti inalainika. Labda mimi tu ndiye ninayesikia. Nimejaribu kusikia inavyokuwa anapotaja la kwangu. "Firda, dumu." "Firda, funga kamba." Siwezi kujua, kwa sababu ninapoitwa huwa nakwenda.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua ya mawe. Hakuna mazoezi. Mama amekaa sebuleni na taulo, anatia mafuta ya joto masikioni. Masikio yake yameharibiwa na maji ya miaka yote hiyo. Baba alimwambia, "Uzio huu umekuja kukuponya, mama Firda." Mama alikuwa anatazama lile kombe la mlangoni, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba amezeeka kidogo kwenye macho.

Nilitaka kwenda kukaa karibu naye. Pelagia alikuwa amekwisha kukaa, ameshika taa ya simu amwangazie sikio.

Jumamosi, 8 Februari

Imebaki juma hili na lijalo. Hajaniita.

Ijumaa, 21 Februari

Tumefika Kigoma jioni kwa basi dogo la kukodi. Mashindano ya vyuo ni kesho. Mama amenichukua kwa sababu ya dumu na mbeleko, kwamba vimezoea mkono wangu.

Ziwa ni kubwa mno. Pelagia alilitazama akakaa chini pale pale mchangani. Mama akaketi kando yake. Nilisimama nyuma yao na mzigo.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika tukiwa kwenye nyumba ya wageni, wengine bado wako uani wanakula. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Walikuwa wametega kamba kutoka gati moja hadi jingine, na vyuo vya ziwani vimekuja na nguo za kuogelea zinazong'aa. Wetu walikuwa na suruali za michezo. Kijana mmoja wa timu nyingine akasema kwa sauti, "Wakulima wamekuja kumwagilia." Nkunzimana akamjibu, "Tutavuna hapa hapa, subiri."

Watu waliofundishwa na Mama zamani walikuwa wamekuja. Hakuwaita. Walisikia tu kwamba ni msimu wake wa mwisho. Alikuwepo Mwalimu Tamimu, mwenye kitambi, mkuu wa shule ya msingi kule Munanila, na Venanti, aliyeacha ualimu akawa muuguzi, na wengine wengi kuliko nilivyotegemea, wanawake wenye watoto migongoni, wanaume wenye mvi. Kila mmoja alimwamkia kwa kupiga goti kidogo na kumwita Mama. Si Mama Kocha. Mama.

Wavulana walishinda, na Nkunzimana akatoka majini anatafuta yule kijana. Zikabaki mbio za wasichana. Katika hesabu ya kombe, wetu walitakiwa wasiwe wa mwisho, na chuo kingine kilikuwa nyuma yetu kidogo tu. Pelagia aliwekwa wa nne, yaani wa kumalizia. Mwenzake alipogusa gati, tulikuwa wa tatu kati ya wanne.

Aliruka vibaya, kwa tumbo, na watu wakacheka. Akapotea. Kisha likaja lile pigo la jembe. Maji yalikuwa na mawimbi, si kama bwawani, na yalimpanda kichwani, nikaona anainua shingo kama bata, kama siku zile za mwanzo. Nikajua ameogopa. Mama alikuwa ameshuka kwenye ngazi ya gati mpaka maji yanamgusa magoti. Hakupiga filimbi. Alinyoosha mikono mbele yake, ngumi mbili zimefumbwa juu ya maji, kama ameshika ncha za kitenge. Alisimama hivyo mbele ya watu wote.

Sijui kama Pelagia aliona. Kichwa kilishuka. Akampita mmoja. Akafika wa pili.

Niliona nimelia, na sikujua ni kwa ajili ya furaha au ya ile mikono.

Kombe ni letu. Jioni tulikula migebuka uani, wote, wa zamani na wa sasa, na Mwalimu Tamimu akagonga glasi kwa kijiko.

"Desturi," akasema. "Mwanafunzi mpya aseme aliombaje. Lakini nitaanza mimi, nimfundishe. Mimi nilimwendea Mama ofisini nikasema nataka kuogelea. Akaniuliza, nani kakutuma? Nikasema, Mkuu wa Chuo. Akanifukuza. Kesho yake nikarudi. Nani kakutuma? Nikasema, Mungu."

"Ulimsingizia Mungu," Venanti akasema.

"Nilikuwa mwembamba na mwongo. Akanifukuza. Siku ya tatu nikasema, nimejituma mwenyewe, naogopa lakini nataka. Akasema, njoo na kaptura."

"Mimi nilimwandikia barua," akasema Venanti. "Akanirudishia. Akasema maji hayasomi."

Wakaendelea hivyo kwa zamu, kila mtu na ombi lake. Mmoja aliomba kwa kulia, mmoja alimfuata Mama mpaka sokoni akambebea ndizi. Pelagia akasema, "Mimi nilimkuta anaanika nguo. Nilisema, Mama Kocha, nifundishe. Akauliza nani kakutuma, nikasema woga."

Wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha samaki na sikukipeleka mdomoni. Mama hamwiti mtu. Hajawahi kumwita mtu hata mmoja. "Nimempata," kumbe ni kwamba amekuja mwenyewe.

Mwalimu Tamimu akanigeukia. "Na wewe, mtoto wa Kocha, uliombaje?"

"Huyu angeomba nini?" Nkunzimana akasema. "Kazaliwa anajua kuogelea."

Wote wakacheka. Mama alinitazama, kisha akainamisha macho na kuanza kutoa miiba kwenye samaki ambaye alikuwa hana tena miiba.

Halafu akasimama, akachukua mbeleko kwenye mzigo wangu, akampa Pelagia. "Bwawa linafungwa," akasema. "Kitenge hiki hakina kazi tena kwangu. Utakuwa mwalimu, utakwenda kwenye watoto. Kama kuna maji, fundisha." Pelagia akaangukia bega lake.

Nimekuja chumbani. Nawasikia wanaimba.

Jumapili, 23 Februari

Tumerudi. Bibi alikuwa uani anapukuchua maharage. Nilikaa nikamsaidia. Nilimwuliza kama anajua kwa nini Mama hajanifundisha kuogelea.

"Najua," akasema. "Nilimwapisha mimi."

Akasema nilipokuwa nimeanza tu kutembea, Mama alinipeleka kwao Ujiji akaniingiza ziwani kwa furaha yake, na wimbi likanitoa mikononi. Walinipata haraka, lakini nilikuwa nimekunywa maji, na nilikataa kuoga siku nyingi. Bibi alisafiri kwenda kunichukua. "Nikamwambia, mwana wanje, mwanangu, huyu hataingia tena majini mpaka aseme kwa kinywa chake. Usimbembeleze, usimwite. Akaapa. Na mama yako akiapa ameapa. Nadhani ndipo alipoanza kuwafanya watu wote hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Bibi, ulinifundisha nisiombe."

Alipukuchua maganda kadhaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeweka kitu mahali akasahau.

"Nilikufundisha usiombe vya watu," akasema. "Mama yako ni wa watu?"

Msimu mzima nilikuwa nadhani ndiyo.

Jumatatu, 24 Februari

Bweni limeezekwa. Pelagia amehama. Asubuhi alinikuta naenda shule, akanipa mbeleko imekunjwa vizuri. "Hii ni yako," akasema. "Bibi ameniambia ilikubeba wewe. Mimi sikujua, ningejua nisingepokea."

Nilikishika kidogo. Kilikuwa bado kinanuka bwawa.

"Ulichopewa ni chako, dada," nikamwambia. "Kifue kwa sabuni ya kipande. Ya unga inakula rangi."

Nimelala kitanda changu cha dirishani. Kumbe kuna upepo.

Jumatano, 26 Februari

Wamesimamisha nguzo pande mbili. Jioni Mama alikuwa anamenya ndizi peke yake. Nilisimama mlangoni.

"Mama."

"Naam, Firda."

"Chumvi imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Nilikwenda dukani kwa Baba nikaleta nyingine. Baba akaniuliza tunakula nini nyumba hii.

Ijumaa, 28 Februari

Wamefika upande wa tatu. Mfungo unaweza kuanza keshokutwa mwezi ukiandama. Baada ya sala ya Ijumaa Mama alisema anakwenda kukusanya kamba na madumu kabla mafundi hawajafunga upande wa nne, nikasema nitamsaidia.

Hapakuwa na mtu. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Mama aliingia na nguo zake nyeusi, akafungua mafundo, akanisukumia madumu moja moja, nami nikayapanga kwenye nyasi. Lilipobaki la mwisho alisimama tu pale kati, maji kifuani, akageuka polepole akitazama kila upande. Kisha akaanza kutoka.

Nilivua viatu. Nikapanda jiwe lile wanalosimama wote. Nilisikia Bibi na kufinya kwake na sombe ya Nyakitonto na kila kitu.

"Mama," nikasema, "naomba unifundishe."

Alisimama palepale. Maji yalimzunguka, yakatulia. Aliweka mkono nyuma ya sikio lake bovu, nikadhani hakusikia, nikawa tayari kusema kitu kingine, cha chumvi. Lakini alikuwa amesikia. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya kocha.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe. Nimechelewa."

"Njoo."

Maji ni ya baridi kuliko nilivyojua, na chini ni tope laini linalopita kati ya vidole. Yaliponifika kiunoni nilisimama. Akanijia.

"Mbeleko nimeshampa Pelagia," akasema.

"Najua."

"Basi tutafanya hivi." Akapitisha mikono yake yote miwili chini ya tumbo langu, akaniinua. Ni mikono migumu, ina alama za kamba. Niliona mawingu ndani ya maji, na vidole vya miguu yangu vikawa haviko chini. Nilimeza kidogo. Nilimshika bega kwa nguvu nikajua nimemuumiza. Akaanza kutembea. Hakuimba mara moja. Alipoanza, sauti ilikuwa inakatika, akalazimika kurudia mwanzo.

Tulitoka kwenye jiwe, tukapita zilipokuwa kamba, tukageuka. Mafundi walikuwa wamerudi, wamesimama kando ya nguzo na nyundo zao, wanatutazama, hawagongi.

Tulipokuwa tunarudi mara ya pili akainama karibu na uso wangu.

"Nikuachie?" akauliza.

"Bado," nikasema.